Mama Mkwe Amekaa Kwenye Kona

Ifakara, Julai 1996

Kwako Mshauri, Bi Merina,

Shikamoo. Gazeti lenu kwetu hufika likiwa limeshasomwa na basi zima, lakini hufika, na ukurasa wako ndio ninaouanza ingawa mbele za watu huwa nasema nasoma michezo, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia, maana barua zote ninazoziona humo ni za mapenzi na urithi na yangu ni ya pikipiki, lakini nimefika mahali sina tena wa kumuuliza, fundi nimemuuliza amekasirika, baba nimemuuliza amenijibu kwa namna iliyonifunga zaidi, mke wangu nikimuuliza ananituma kwa mama yake, na mama yake ndiye tatizo lenyewe. Naomba sana jina langu usilitoe, huku tunajuana.

Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia bonde hili na ng'ombe nikiwa bado mdogo na sasa wanakaa upande wa Malinyi, mwenyewe naishi Ifakara mjini na kazi yangu ni kununua samaki kule Mofu na kuwaleta sokoni kwa pikipiki, Honda nyekundu ya mkono wa pili, na kwa sababu ya njia za Mofu, ambazo masika ni tope na kiangazi ni nyufa, watu wanasema najua kuendesha na mimi sijawahi kubisha. Mwaka huu kamati ya sherehe za Nane Nane imetangaza mashindano ya pikipiki kutoka Mang'ula mpaka Ifakara, na si ya uwanjani, ni kwenye barabara kuu yenyewe, itafungwa asubuhi nzima, basi halitapita, baiskeli haitapita, watendaji wa vijiji wameagizwa kila mbuzi afungwe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nitapita barabara ya serikali bila kuogopa anayekuja mbele. Nimeshajiandikisha na nimepewa namba saba, mke wangu Brigita ameishona mgongoni kwenye shati kwa uzi mweusi, na baba amesema atatoka Malinyi kuja kuniona, yeye ambaye hata harusini kwangu alichelewa kwa sababu ya ng'ombe aliyekuwa anazaa.

Anayeniandaa ni Fulgensi, fundi wa pikipiki hapa mjini, ambaye naye atashindana lakini ana roho nzuri, kila asubuhi tunakwenda Mang'ula na kurudi, mimi mbele, yeye nyuma ananitazama. Amenitolea karia, vioo, taa na madigadi ili pikipiki iwe nyepesi, akatoa na honi, akasema barabara ikifungwa hakuna wa kupigiwa honi. Kofia ngumu nimeazima kwa jamaa wa mradi mmoja hapa mjini, mkanda wake ulikatika, nimeunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na unashika vizuri usipogeuza shingo. Somo kubwa la Fulgensi ni kona, anasema sisi wote tumezoea kujibana kushoto tukimkwepa anayekuja, kwa hiyo tunaijua nusu ya barabara tu, siku ikifungwa tutapewa barabara nzima na hatutajua la kuifanyia, anayetaka kupita kona ya kushoto kwa kasi lazima aanzie kulia kabisa, ukingoni, ndipo aikate, na akishaanza kuikata asiguse breki, kwa sababu kwenye changarawe ukigusa breki pikipiki imelala, yenyewe ndiyo inayochagua pa kwenda. Yote hayo nimeyashika, Mshauri, kona zote nazipita, isipokuwa moja.

Ukishatoka Kisawasawa kuja huku kuna kalavati, na baada ya kalavati barabara inakata kushoto, na mkono wa kulia, pale pale ukingoni anapotaka Fulgensi nianzie, ndipo nyumbani kwa mama mkwe wangu. Jina lake siwezi kulitamka wala kuliandika, utanisamehe. Yeye ni Mpogoro, mjane, mtu wa kanisani, na mambo yetu ya Kisukuma hayajui sana, lakini mimi nimelelewa kwamba mama mkwe ukikutana naye njiani unatoka njiani, ukiwa juu ya baiskeli unashuka, ukiwa juu ya mkokoteni unashuka, unasimama pembeni macho chini mpaka akupite, na ndivyo nilivyofanya tangu nilipooa, nikifika kwenye kalavati nazima injini, nashuka, natembea nikisukuma pikipiki na kutazama upande wa pili mpaka kona iishe, hata nikiwa na samaki na jua kali. Brigita alishazoea, na mama yake naye nilidhani ameshazoea.

Sasa mtu anayejiandaa na mashindano hawezi kuzima injini kwenye kalavati. Siku ya kwanza ya mazoezi nilitokea pale kwa kasi nzuri, nimeshajipanga kulia kama nilivyofundishwa, nikamwona amekaa nje anapepeta mchele, na sikuamua chochote, Mshauri, mkono wenyewe ulishika breki na mwili wenyewe ukatoka barabarani, nikaenda mpaka kwenye mtaro wa kushoto pamoja na pikipiki, nikasimama humo macho chini. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa, kila siku yupo, na kila siku mimi mtaroni, goti limechubuka, kiwiko kimechubuka. Nilipodhani labda atachoka kukaa pale, nikamkuta amevuka barabara na kigoda chake, amekaa upande wa kushoto karibu kabisa na mtaro, na ndoo ya maji na vitambaa, kama mtu aliyekuja kushinda, basi siku hiyo ikabidi nimpishe upande wa kulia nikaingia kwenye mihogo yake mwenyewe, nikavunja matuta mawili, na sikuweza hata kuomba radhi kwa sababu siwezi kusema naye.

Baada ya hapo alirudi upande wake wa kulia, lakini akaanza mambo mengine. Majirani wakaniambia kwamba kila alfajiri anafagia barabara, mwanamke wa umri ule, ameinama na ufagio wa chelewa anaondoa kokoto na mawe kutoka kalavati mpaka mwisho wa kona, kazi ambayo hata halmashauri haijawahi kuifanya. Na juzi juzi ameanza kujaza pumba za mpunga kwenye ule mtaro, anazitoa kwenye mashine ya kukoboa iliyo mwisho wa pili wa kijiji, upande wa Mang'ula, na kuzimwaga pale pale ninapoangukia, sasa zimefika magotini, nikiingia naishia humo na kutoka nimejaa pumba masikioni. Nimewaza sana jambo hili, na naona kama ameamua kunizibia mtaro ili nisiwe na mahali pa kumpishia, yaani anataka nimpite kwa nguvu ili aseme sina adabu, au hataki nishindane kabisa, sijui.

Na kuna jambo lingine ambalo naliandika kwa shida. Kuna mshindani mwenzetu, Amedeus, bwana mifugo, ana pikipiki nzuri kuliko zetu zote, tulikuwa kwa mama lishe tunakunywa chai akasema mbele za watu, "Kaka, bibi anayefagia barabara kabla hakujakucha, wewe unadhani anafagia vumbi? Mwenzio anakuwekea vitu pale. Ndiyo maana kona moja tu inakuangusha." Mama lishe akaacha kumimina, wote wakanitazama mimi. Mimi nikanywa chai.

Wiki hii mambo yakawa mabaya zaidi. Fulgensi alikuwa nyuma yangu karibu sana, tukatokea kwenye kalavati, nikamwona mama mkwe, mkono ukashika breki, na Fulgensi akanikosa kidogo sana, tairi lake la mbele liligusa pedeli yangu, akaenda akasimama mbali kule karibu na mihogo, akavua kofia, akakaa chini barabarani. Nilipomfikia akaniambia, "Mayunga, mimi nina watoto. Wewe ukimheshimu tena mkwe wako mbele ya tairi langu, mmoja wetu anazikwa Kisawasawa. Nakwenda kwenye kamati wakutoe." Nikamwomba anipe muda kidogo nitafute njia, akakubali, lakini tangu siku hiyo hatufanyi mazoezi pamoja.

Nikamwambia Brigita amwambie mama yake siku ya mashindano akae ndani. Brigita akasema, "Nimwambie mama yangu asikae nje ya nyumba yake? Nimpe sababu gani, kwamba mume wangu anaanguka kwa heshima?" Nikamwambia ndiyo, amwambie hivyo hivyo. Akasema, "Kamwambie mwenyewe. Mimi kila nikienda kwake ananiuliza ile kona ina nini, na ananiagiza nikwambie uvae koti zito, nami nimekwambia, hukuvaa." Nikaenda Malinyi kwa baba, nikamweleza yote, akafikiri akasema, "Mayunga, mkwe hupiti ukiwa umekaa juu ya kitu. Unashuka, unatoka njiani, unasubiri apite." Nikamwambia, baba, tatizo ni kwamba yeye hapiti, yeye amekaa. Baba akasema, "Basi na wewe utasubiri."

Mshauri, nifanye nini. Nikijitoa, namba imeshashonwa, baba ameshaaga ng'ombe wake, na mimi mwenyewe kusema kweli sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka kupita barabara ile ikiwa imefungwa, hata ikiwa nitakuwa wa mwisho. Nikishindana, ama nimfunike mama mkwe vumbi mbele ya wilaya nzima, ama nishike breki na watu wote wa nyuma wanipande. Naomba unisaidie namna ya kumwambia akae ndani bila kumwambia.

Ni mimi,
Mpanda pikipiki mwenye heshima,
Bonde la Kilombero.


BI MERINA ANAJIBU

Marahaba, Mayunga.

Uliomba jina lako nisilitoe, kisha ukalitaja mwenyewe kwa mdomo wa fundi na tena kwa mdomo wa baba yako. Hata ningelifuta, ungebaki kuwa mtu pekee kati ya Mang'ula na Ifakara anayeingia mtaroni na Honda nyekundu kila asubuhi. Watu wa Kisawasawa wameshakujua, tuendelee.

Nianze na Fulgensi, kwa sababu ndiye aliyekaribia kufa. Mtu amekufundisha bure, amekuchunga mgongo, na wewe umemshikia breki katikati ya kona kwenye changarawe. Hiyo unaiita heshima, lakini yeye alipokuwa amekaa chini barabarani hukuandika kwamba ulimwomba radhi. Umeandika kwamba ulimwomba muda. Kabla ya jambo lingine lolote nenda gereji kwake ukamwombe radhi, na usianze kujieleza habari za mila, sema samahani tu.

Sasa tuje kwa mama. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, siwezi kukuficha. Mara ya pili nilipofika kwenye ndoo ya maji sikucheka tena. Wewe una macho ya kuona ufa wa njia ya Mofu ukiwa kwenye mwendo, lakini umeona mwanamke amekaa kando ya mtaro unaoangukia kila siku, ana maji, ana vitambaa, na ukadhani amekuja kushinda. Mayunga, goti lako lilikuwa linatoka damu! Yule mama alikuja na maji ya kukuosha na vitambaa vya kukufunga, akakaa karibu ili usikae na jeraha wakati yeye anavuka barabara, na wewe ulipomwona ukakimbilia kwenye mihogo yake.

Hakukasirika. Akarudi kwake akafikiri upya. Anachokijua yeye ni kwamba mume wa binti yake ana kona moja inayomwangusha, na ndiyo maana anamuuliza Brigita kona ina nini, na Brigita kwa aibu hamjibu. Mama akaona labda ni kokoto, akaanza kufagia. Ukaanguka. Akaondoa na mawe. Ukaanguka. Akaona basi, kama kuanguka hakuzuiliki, angalau uangukie mahali laini, akakujazia pumba, na akakuagiza uvae koti. Mwanamke huyo amesafisha barabara ya serikali kwa ufagio wa chelewa, ameondoa kila jiwe, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyemwambia kwamba jiwe linalokuangusha ni yeye.

Hapo ndipo kosa lenu lilipo, wewe na mkeo. Heshima yako siidharau. Ningekuwa na wakwe wa kunishukia kwenye baiskeli ningewapikia kila Jumapili. Lakini umemheshimu mtu miaka yote hiyo bila kumweleza kwamba unamheshimu, na yeye kwao hakulelewa hivyo, kwa hiyo alichokiona ni kijana anayezima injini, anageuza uso na kusukuma pikipiki kama anayepita kwa adui. Sijui moyoni mwake aliliwekaje jambo hilo. Najua tu kwamba hata baada ya kugeuziwa uso kwa miaka, siku ulipoanza kuanguka alitoka na ndoo.

Na sasa Amedeus. Umeandika kwamba alisema yale maneno mbele za watu, na mama lishe akaacha kumimina, na wewe ukanywa chai. Chai hiyo imenikera kuliko pikipiki yako yote. Mwanamke mjane, anayeishi peke yake, anayeonekana alfajiri ameinama barabarani, akishasemwa maneno kama yale na mkwe wake mwenyewe akanyamaza, kijiji kinahesabu kwamba mkwe amekubali. Wewe na mimi tunajua maneno hayo yakikua huwa yanawapeleka wapi kina mama wazee. Na alikuwa anafagia kwa ajili yako. Kwa hiyo utarudi pale pale kwa mama lishe, saa ile ile watu wanapokuwa wengi, na utasema kwa sauti ya kusikika kwamba mama mkwe wako anakuondolea mawe usivunjike shingo, na bwana mifugo akitaka kujua kinachowekwa kwenye ile kona, aende alfajiri na ufagio wake akamsaidie. Usimpige wala usigombane naye, sema hivyo, kisha ndipo unywe chai.

Umeniomba nikufundishe kumwambia akae ndani bila kumwambia. Sitakufundisha. Ni nyumba yake, ni kona yake, na kwa nilivyomsoma, siku ya mashindano hata mkimfungia atatokea dirishani. Utafanya hivi. Hukuoa bila mshenga. Mtafute, aliyepeleka posa ndiye atakayepeleka na hili, na kama ni mzee asiyependa pikipiki mweleze polepole. Brigita aende naye, kwa sababu muda wa kuona aibu umekwisha. Wamweleze mama ukweli wote, kwamba kwenu kijana hampiti mkwe akiwa amekaa juu ya kitu, kwamba ulikuwa unatoka njiani kwa ajili yake, na kwamba mtaroni ulikuwa unaingia kwa ajili yake vile vile. Naamini atacheka. Halafu huenda akalia kidogo, mwache. Akishamaliza, mshenga amuulize anapenda ukipita ufanye nini, na atakachosema ndicho mtakachofanya.

Kwa baba yako utarudi pia. Safari ya kwanza ulimuuliza swali baya. Ulimuuliza kama mkwe anapitwa, akakujibu jibu la kweli, hapitwi. Muulize sasa, kwenu mkwe mwenyewe akitaka mwiko upunguzwe kati yake na mkwewe, hufanyika nini, maana nijuavyo mimi hakuna watu waliojiwekea mlango wa kufunga bila wa kufungua. Mimi si wa kwenu na sitajifanya kukufundisha ya kwenu. Lakini mzee anayemwacha ng'ombe kuja kutazama pikipiki hatakunyima jibu.

Haya yakipita, rudi kwenye mazoezi. Mama akae palepale anapokaa, na wewe pita polepole, nyuma yako pasiwe na mtu. Kesho yake ongeza mwendo. Endelea hivyo mpaka ule mkono wako unaojiamulia mambo utulie wenyewe. Ukiona uko tayari mwite Fulgensi, na yeye ndiye atakayesema kama uko tayari, si wewe. Na kama siku ya mwisho ya mazoezi mkono bado unashika breki pale kwenye kona, fumua ile namba, kunja shati, ukakae na mama mkwe wako kwenye kigoda cha pili mtazame wenzenu wakipita. Hapo sina huruma. Baba yako atarudi kwa ng'ombe na hatakufa kwa aibu, lakini kwenye kona ile kuna mtu anaweza kufa kweli.

Kofia yenye mkanda wa tyubu irudishe kwa mwenyewe. Kofia inayoshika vizuri usipogeuza shingo ni sufuria. Tafuta nyingine yenye mkanda wake, hata ikibidi kuazima kwa adui, hata kwa Amedeus. Vaa koti zito, umeshaambiwa na mtu mwenye akili. Vaa suruali nene na viatu vya kufunga, najua wauza samaki mnavyopenda kandambili. Breki ya mbele na ya nyuma Fulgensi azikague, cheni aikaze. Na barabara yote, kutoka Mang'ula mpaka Ifakara, ipite kwa baiskeli angalau mara moja, mchana, ukitazama kila kona polepole, maana barabara ikifungwa ni wewe na yenyewe tu.

Honi uirudishe. Haizidi uzito wa perege mmoja, na Fulgensi akilalamika mwambie nimeagiza mimi. Siku yenyewe ukifika kwenye kalavati, kabla hujaanza kukata kona, mkono ukiwa bado haujashikwa na kazi, piga honi mara moja, fupi. Hiyo ndiyo shikamoo yako. Mama akiwa ameshaelezwa na mshenga ataijua, na atakuitikia marahaba pale pale kwenye vumbi lako. Hutamsikia. Wewe vuta mafuta upite, usigeuze shingo kutafuta jibu.

Pumba siku hiyo mziache mtaroni, nyuma yako kutakuwa na wengine. Lakini kesho yake asubuhi, uwe ulikuwa wa kwanza au wa mwisho, nenda Kisawasawa, zima injini kwenye kalavati kama ulivyozoea, sukuma pikipiki mpaka uani kwake, uombe jembe na gunia, uzizoe zote wewe mwenyewe uzipeleke kwenye mihogo yake, na yale matuta mawili uyainue. Kutoka mashineni mpaka kwenye ule mtaro ni kukipita kijiji kizima, wewe mwenyewe umeniandikia hivyo, na mama mkwe wako hana pikipiki. Zile pumba zote alizibeba kichwani.